Kufuli la Mama Pacha

Jumamosi hiyo asubuhi mwanamume mzima wa miaka hamsini na tisa alipanda na kushuka ngazi za nyumba yake mara kumi na moja kabla chai haijapoa. Mara kafuata bisibisi, mara kaenda kuangalia kama dirisha la juu limefungwa, mara kasahau alichofuata akarudi mikono mitupu. Mtaa mzima unamwita Kiherehere, na usidhani anakasirika. Anaitika. Jina lake la kwenye kitambulisho analitumia benki tu, na hata huko yule mama wa dirishani anamwita Mzee Kiherehere.

"Kaa chini, Baba Pacha," mkewe alimwambia.

"Nimekaa."

"Umekaa wapi? Umesimama unatikisa funguo."

Kweli, alikuwa amesimama anatikisa funguo. Akakaa. Goti nalo likaanza kurukaruka chini ya meza mpaka vikombe vikalia. Mkewe akaweka kiganja juu ya meza, kimya, kama anavyofanya kule maktaba wasomaji wakizidisha soga. Ndiyo kazi yake hiyo, mkutubi, miaka ishirini na sita ya kuwaambia watu "taratibu" bila kupandisha sauti. Tangu alipojifungua wale mapacha wao, ambao sasa ni watu wazima na wameshaondoka nyumbani, watu wanamwita Mama Pacha.

"Leo kule chama cha karata Mwalimu anafunga daftari la jozi," alisema. "Tukishaandikwa nani na nani, ndiyo basi, mwaka mzima."

"Najua, na sisi tuta..."

"Sijamaliza."

Akanyamaza. Ilimgharimu, lakini akanyamaza.

"Daktari wa meno ameniomba nicheze naye. Mwenzake, yule karani wa mahakama, anahamishwa kikazi. Nimemwambia nitampa jibu leo, mchezo ukiisha." Mama Pacha akapangusa makombo ya mkate mezani, akayakusanya kiganjani. "Sitaki tugombane. Nataka uelewe tu. Nikisema kitu pale mezani, wewe unasema juu yake. Kila wiki. Leo nikisema dabo halafu nikasikia neno jingine mdomoni mwako zaidi ya 'napita', naandika jina langu na la Daktari. Nimechoka, mume wangu."

Angesema kwa hasira, Kiherehere angejua la kujibu. Hasira anaimudu, amefanya kazi na wasimamizi wa majengo maisha yake yote. Lakini alisema kwa upole, na ule upole ndio uliomkata maini.

Sasa ngoja nikueleze mchezo wenyewe, usije ukaniambia baadaye hukuelewa. Unaitwa briji. Ni karata, ila siyo za kupotezea muda. Wanakaa wanne, wawili wawili, mwenzako yuko ng'ambo ya meza anakutazama. Kila mtu anapata karata kumi na tatu, za aina nne: shupaza, kopa, uru na pau. Kila mmoja anatupa moja, zinakuwa nne mezani, mwenye kubwa anazizoa. Hilo linaitwa fungu, na mafungu yote ni kumi na matatu. Rahisi, sivyo? Aa wapi! Kabla ya kutupa hata karata moja kuna mnada, na kwenye mnada ndiko watu wanakokosana. Unanadi kile unachoahidi kuvuna. Ukisema "kopa nne" umeahidi kwamba wewe na mwenzako mtazoa mafungu kumi, kopa zikiwa turufu, aina inayokula nyingine zote. Ukisema tano, kumi na moja. Mpinzani akitaka anapanda juu yako, asipotaka anasema 'napita'. Ukiona amejitia kitanzi mwenyewe, unasema "dabo", yaani: hapo hapo, usitoke, hufikishi hiyo ahadi yako na hasara tunakuzidishia. Maneno yote ya mnada ni kumi na matano, hayaongezeki. Hakuna kukonyeza, hakuna kukohoa. Mwenzako akisema neno, hilo hilo ndilo ulilopewa, ulipime.

Mama Pacha ndiye aliyeuleta mchezo huo nyumbani. Mapacha walipoondoka, mmoja mwezi wa tatu, mwingine mwezi wa tano, nyumba ikawa kubwa ghafla. Mama Pacha akachukua kitabu cha briji pale maktaba, akakisoma mara mbili, akamwambia mumewe: twende. Wakaenda. Na Kiherehere, nisimseme vibaya bure, hakuwa mjinga wa karata. Ana macho. Ana kumbukumbu. Tatizo lake ni kwamba mkono unafika kabla ya akili.

Zamu ikiwa yake kucheza, mwenzake anafunua karata zote mezani na kukaa kimya, wenyewe wanamwita bubu. Basi bubu hajamaliza kupanga karata zake, Kiherehere keshaivuta moja. Mwalimu, mstaafu wa hesabu anayeongoza chama chao, amemwambia mpaka amechoka: "Hesabu kwanza mafungu yako ya uhakika, ndipo uguse karata." Na yeye anajibu, "Ndiyo, Mwalimu," karata ishatua mezani. Lakini hilo Mama Pacha alikuwa anamsamehe. Asilolisamehe ni la dabo. Wiki mbili nyuma wapinzani walinadi pau tano, Mama Pacha ana pau nne za maana mkononi, zinawasubiri kama mtego. Akasema dabo. Kiherehere akazitazama uru zake, akaziona zinapendeza, akasema, "Uru tano." Dabo ikafutika, wakaanguka wao kwa mafungu manne. Meza ya jirani waligeuza shingo kutazama.

Na wala si mezani tu. Mapacha walipoondoka, Mama Pacha alisema, "Kile chumba chao tukiache kwanza kama kilivyo." Akaenda kazini. Aliporudi jioni akakuta vitanda vimefunguliwa, mbao zimefungwa kamba, skrubu zimetiwa kwenye kopo la maziwa lenye karatasi iliyoandikwa "vitanda". Mzee wetu alikuwa amejaa jasho na furaha. Alidhani amesaidia. Mama Pacha alikaa sakafuni katikati ya chumba akalia, na Kiherehere akasimama mlangoni na bisibisi yake, hajui aingie au atoke. Mpaka leo mbao ziko nyuma ya kabati, hakuna anayezitaja.

Huyu huyu sasa, mkutane naye kazini, utasema ni mtu mwingine.

Kiherehere ni fundi wa lifti. Lifti za hospitali, za ofisi, za majengo ya kupanga yenye ghorofa tisa, na wapangaji wenye midomo kumi. Kwenye kazi hiyo kuna sheria moja. Kila fundi ana kufuli lake na ufunguo wake, na kwenye kufuli kuna kibati chenye jina. Ukitaka kuingia kwenye shimo la lifti unazima swichi kuu, unatundika kufuli lako, ufunguo unautia mfukoni. Basi. Hata kama mkurugenzi amesimama chini na wageni wake anatazama saa. Hata kama mwenye kufuli umemtafuta nusu siku. Hata kama unajua kwa hakika, unaapa kabisa, kwamba hayumo shimoni. Hufungui. Aliyefunga ndiye anayefungua.

Sheria hiyo aliijua kwa ngozi yake. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ana miezi mitatu tu kwenye ndoa, akaingia shimoni mbio mbio bila kutundika kufuli, maana kazi yenyewe ilikuwa ya dakika mbili. Mwenzake juu alidhani ameenda kula. Akawasha. Kiherehere akasikia mota inaguna, akatazama juu, akaona chini ya lifti panamjia. Alijilaza chali sakafuni kwenye grisi, akageuza uso pembeni, akabana pumzi. Lifti ilisimama shubiri moja juu ya kifua chake. Walipomvuta nje alikuwa mzima kabisa, ila suruali imelowa, na haikuwa maji. Mama Pacha ndiye aliyeifua ile suruali. Hakuuliza kitu, hakucheka, aliianika tu nyuma ya nyumba mahali majirani wasipoiona.

Tangu siku hiyo, miaka thelathini na sita, Kiherehere hajagusa kufuli la mtu. Kuna mwaka fundi mwenzake alitundika lake akaondoka na ufunguo, simu haipatikani, jengo zima la ghorofa tisa likapanda ngazi mpaka jioni. Meneja akafoka. Wapangaji wakamtukana na mama yake. Mtu mmoja akaleta msumeno wa chuma. Kiherehere akakaa juu ya sanduku lake la vifaa mbele ya ile swichi, miguu imetulia, mikono imetulia, anajibu neno moja tu: "Si langu." Walioshuhudia wanasema hawajawahi kumwona ametulia vile, si kabla wala baada.

Haya, turudi kwenye Jumamosi yetu.

Ukumbi wao uko juu ya duka la vifaa vya ofisi: meza sita, vitambaa vya kijani, viti vya chuma vinavyolia ukivisogeza. Saa nane mchana walikuwa wameshakaa. Huko nje mafundi wa barabara walikuwa wanapasua lami, mashine inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena pale pale unapodhani imekwisha. Mwalimu alifunga madirisha, joto likazidi. Akayafungua, kelele ikarudi. Kiherehere alitoka kunywa maji mara tatu. Mara ya tatu hakunywa, alisimama tu kwenye korido anajiambia, "Tulia, mzee. Tulia. Napita. Neno gani gumu hapo? Napita."

Maana alikuwa anaogopa, nisikufiche. Si karata aliyoiogopea. Aliogopea Jumamosi. Siku sita za wiki yeye na mkewe walikuwa wanapishana kwenye ngazi, huyu anatoka, huyu anaingia, chumvi iko wapi, umeme umelipwa. Siku moja tu walikuwa wanakaa uso kwa uso mchana kutwa na kila mmoja anataka kujua mwenzake amebeba nini. Sasa amfikirie mkewe ameketi vile mbele ya Daktari wa meno, na yeye yuko nyumbani anazunguka na bisibisi. Roho ilimwuma kama jino.

Mchana ulikwenda vizuri kuliko walivyozoea. Mara mbili alihesabu mafungu kabla ya kugusa karata, akaweka mikono chini ya mapaja na kuikalia, Mwalimu akapita nyuma yake akaguna kwa mshangao. Dabo haikutokea. Raundi ya kwanza, ya pili, ya tano, Mama Pacha hakuisema. Mpaka kwenye raundi ya mwisho, karata za mwisho kabisa, wakaja kukaa mezani pao nani? Daktari wa meno na Karani.

Daktari ni mtu mpole kupita kiasi. Mikono misafi, sauti ya chini, hajawahi kumwudhi mtu. Hilo lenyewe lilimwudhi Kiherehere.

"Habari za mchana, Mzee?"

"Nzuri," alisema Kiherehere, na goti likaanza.

Akainua karata zake. Loo! Kopa saba: mfalme, malkia, ghulamu, na nyingine nne nyuma yao. Uru tano. Pau moja, sita tupu. Shupaza hana hata moja ya dawa. Karata za namna hiyo mtu anazipata mara moja kwa miezi, na zamu ya kuanza mnada ilikuwa yake.

"Kopa tatu," alisema.

Hapo alinadi kama Mwalimu alivyowafundisha. Kufungua kwa tatu ni kumwaga habari yako yote kwa mara moja: ninazo kopa nyingi, nguvu nyingine sina, kuanzia hapa mwenzangu wewe ndiye nahodha. Ukishasema hivyo umemaliza. Kazi iliyobaki ni kufunga mdomo.

"Shupaza nne," alisema Daktari taratibu, baada ya kufikiri.

Mama Pacha hakuinua macho. Alizitazama karata zake, akazisogeza moja mbili, akazikunja.

"Dabo."

"Napita," alisema Karani.

Ikawa zamu ya Kiherehere, na meza ikamsubiri.

Nje ile mashine ikanguruma. Akazitazama karata. Shupaza hana! Wapinzani wana shupaza chungu nzima, na kila kitu chake kilikuwa kinamwambia kwamba karata zimegawanyika vibaya leo, kila mtu ana upande mmoja mrefu, mambo hayako kama Mama Pacha anavyoyafikiri. Kopa tano. Zinatimia. Wallahi zinatimia. Ulimi ulikuwa umeshapanda juu kwenye kaakaa, tayari kutoa ile "ko". Shati limemganda mgongoni. Kisigino kinapiga sakafu. Akajiambia, leo nina haki, leo si kama siku zote, yeye hajui kwamba sina shupaza, ningemwambia tu angekubali. Lakini kumbe siku zote alikuwa anajiambia hivyo hivyo. Hata kwenye zile uru tano. Hata siku ya vitanda.

Akamtazama mkewe. Alikuwa ameinamisha uso kwenye karata zake, amezishika kwa mikono miwili, vidole vimekaza. Hakutaka kumpa ishara ya aina yoyote, maana ni mtu wa haki. Lakini vile vidole vilikaza. Na Kiherehere, sijui kwa nini ilimchukua muda wote huo, akaiona ile dabo mezani kama kitu cha chuma kilichotundikwa, na kibati chenye jina.

Kila kufuli aliliheshimu. La fundi mlevi aliliheshimu. La mtu aliyemwibia koleo lake aliliheshimu. Meneja alimtukana mbele ya jengo zima na bado hakuligusa. La mke wake tu ndilo alilokuwa analifungua kila siku, asubuhi na jioni, kwa sababu alikuwa na hakika hayumo ndani.

Akajikaza kisabuni.

"Napita," alisema.

Mama Pacha aliinua macho, nusu sekunde, akayarudisha chini. Kisha akatupa karata ya kwanza: ree ya uru, kubwa ya uru zote. Kwa kujiamini kabisa, na ungekuwa wewe ungejiamini. Karani akafunua karata zake mezani, ndogo tupu, akawa bubu. Kiherehere akatupa uru yake ndogo. Daktari akafikiri kidogo, kisha kwa adabu zake zote akaweka juu ya ile ree tano ya shupaza.

Hakuwa na uru hata moja. Turufu yake ndogo ikaila ree ya Mama Pacha.

Kuanzia hapo ikawa ni kutazama tu. Daktari akavuta ree ya shupaza, akavuta mfalme. Akatupa pau kubwa, Mama Pacha akaikamata kwa ree yake, akarudisha mfalme wa uru. Nayo ikaliwa na turufu. Pau zikaanza kutiririka kutoka kwa Daktari, moja baada ya nyingine. Mama Pacha akapata mafungu mawili kwa shupaza zake kubwa, na hapo ndipo alipoishia. Matatu jumla. Ili kuwaangusha alihitaji manne. Daktari aliahidi kumi, akazoa kumi, tena ndani ya dabo.

"Bahati tu," alisema Daktari, na alimaanisha, maskini. "Zilikaa vibaya sana kwako, Mama."

Karata zile zile huzunguka meza zote, na kila jozi huandika matokeo yake kwenye karatasi iliyokunjwa. Kuandika ilikuwa kazi ya Mama Pacha. Akaikunjua. Akaandika matokeo yao chini kabisa, kisha kalamu ikasimama. Alikuwa anasoma yaliyoandikwa juu.

Kiherehere alijua anasoma nini. Na hapa ndipo alipopata taabu kuliko pale kwenye mnada, nakuapia. Alikuwa sahihi! Mara moja, baada ya Jumamosi zote hizo, alikuwa sahihi yeye, na ushahidi uko kwenye karatasi. Maneno yalimjaa mdomoni: nilijua, nilikwambia, yaani sikukwambia lakini nilijua. Akauma ulimi. Akashika kingo za kiti. Wapinzani wao waliinuka, wakaaga, wakaenda kusimama karibu na meza ya Mwalimu, ambako daftari la jozi lilikuwa limefunguliwa na watu wamejipanga.

"Kopa sita," alisema Mama Pacha polepole. "Meza mbili wamenadi kopa sita na zimetimia."

"Naam."

"Wewe ulikuwa na shupaza ngapi?"

"Sikuwa nayo."

"Hata moja?"

"Hata moja. Na uru tano."

Mama Pacha akaiweka kalamu chini. "Ina maana ulikuwa unajua."

"Sikujua. Nilihisi. Ulimi ulikuwa unawasha, Mama Pacha, sitakudanganya."

"Sasa mbona hukusema? Mtu ana kopa saba, hana shupaza hata moja, na siku zote... Mbona hukusema?"

Kiherehere akatazama mikono yake. Ile mashine ya nje ilikuwa imenyamaza, na mara hii haikuanza tena.

"Kufuli lilikuwa lako," alisema.

Mama Pacha alimtazama. Aliendelea kumtazama mpaka Mwalimu akaita jozi ya meza ya sita, yaani wao, mara ya kwanza, akaita mara ya pili. Machozi yalikuwa yamemjaa, na hakuyapangusa. Suruali ile alikuwa ameifua kwa mikono yake, akiwa binti wa miaka ishirini na moja, na hakuna mtu duniani aliyelijua hilo neno lina uzito gani kuliko yeye.

Akainuka, akaenda mpaka kwenye daftari. Kiherehere alibaki kitini. Alimwona Daktari anamsogelea, anainamisha kichwa kusikiliza, hakusikia walichoongea. Alimwona mkewe anainama kuandika, jina moja, kisha anashuka mstari wa chini kuandika la pili, na hilo la pili lilikuwa refu. La Daktari ni fupi. Kiherehere alihesabu herufi kwa jinsi mkono ulivyokuwa unakwenda, kidole kinagonga paja, na alipofika mwisho wa hesabu akalitambua. Lilikuwa lile la kwenye kitambulisho.

Walishuka ngazi pamoja. Nje lami ilikuwa imepasuliwa mtaa mzima, wakapita juu ya mbao, mmoja nyuma ya mwingine. Mbele ya duka la mkate Mama Pacha akasimama.

"Vile vitanda," alisema. "Nataka virudi kama vilivyokuwa."

Kiherehere alikuwa keshaanza mbio. Hatua tatu, funguo zinalia mfukoni, kopo la skrubu analiona akilini lilipo, nyuma ya kabati, kushoto. Kisha akasimama. Akageuka.

"Umesema leo?"

"Sijasema leo," alisema Mama Pacha.

Akarudi zile hatua tatu, akasimama kando ya mkewe. Kisigino kilikuwa kinapiga lami bila kukoma, lakini mwenyewe alisimama pale pale, anasubiri aambiwe.